Bi Lubaba na Shogi za Ngamia

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Furati, aliishi mjane mchamungu aliyeitwa Lubaba binti Harithi. Marehemu mumewe alimwachia vitanda vitano vya kufumia na wasia mmoja tu: asiwatupe wanawake watano waliokuwa wakifuma pale, kwani wote walikuwa wajane wenye watoto. Kazi yao ilikuwa kufuma shogi kwa manyoya ya mbuzi, yaani ile mifuko miwili iliyounganishwa ambayo hutandikwa mgongoni mwa ngamia.

Kila mwaka baada ya Idi, Bi Lubaba alitandika nyuzi za shogi kwenye vitanda vyote vitano, kama alivyofanya mumewe, na kazi ya mwaka mzima ikawa imekwisha pangwa. Mwaka huo visima vya njia ya jangwani vilikauka. Misafara ikahamia mtoni, mizigo ikasafirishwa kwa mashua, na ngamia wakaadimika mjini. Bi Lubaba hakubadili kitu. Aliona kuigeuza kazi ya marehemu ni upungufu wa tawakali, basi akazidisha dua na akazidisha shogi, hata zikajaa chumba na kugusa dari.

Wafumaji hawakumlalamikia, lakini yeye aliwaona. Alimwona Ghufaira, mkubwa wao, akila nusu ya mkate na kumpa nusu ya pili mwenziwe aliyekuwa akinyonyesha, huku akidai kwamba ameshiba. Bi Lubaba akajua kuwa siku kumi zikipita bila mnunuzi, itambidi awarudishe makwao mikono mitupu.

Siku ya saba akaja mfanyabiashara kutoka Hamadani, jina lake Zadani. Akazipapasa shogi, akazisifu, akasema atazichukua zote, kwa kuwa amesikia misafara ya jangwani upande huu ni mingi. Wafumaji wakaacha kufuma. Bi Lubaba akawatazama. Hapo Ghufaira akashikwa na kikohozi kikubwa cha ghafla, maana alimjua bibi yake.

"Ndugu yangu," akasema Bi Lubaba, "misafara hiyo haipo tena. Visima vimekauka. Ukizibeba hizi, utakuwa umebeba hasara yangu."

Zadani akastaajabu. "Mama, ni biashara gani hii ya kumfukuza mnunuzi mlangoni?"

"Ni ile nitakayoulizwa mbele ya Mola wangu."

Zadani akaketi kizingitini, akaomba maji. Alipokwisha kunywa akaeleza kwamba amekaa mtoni tangu alfajiri akingoja chombo, na kila nahodha ana kilio kimoja: nafaka inaoza, kwa sababu magunia ya katani yanapitisha maji. Manyoya ya mbuzi, alisema, hayapitishi. Akashukuru, akamwombea heri, akaenda zake.

Bi Lubaba alibaki ameshika shogi moja. Alisema mumewe alizifuma umri wake wote, naye atazikataje ziwe magunia asione haya?

"Bibi," akasema Ghufaira, "marehemu alikuusia sisi, au alikuusia ngamia?"

Wenziwe wakaangua kicheko. Bi Lubaba naye akacheka, machozi yakimtoka. Kisha akasema Bismillahi, akachukua kisu, akaikata shogi katikati kwa mkono wake, na kila upande ukawa gunia. Hawakuinua vichwa mpaka Alasiri. Asubuhi yake waliyabeba magunia hadi mtoni, na kabla ya Adhuhuri halikubaki hata moja.

Tangu hapo hakuvitandika tena vitanda vyote kwa kazi moja. Kila mwezi ulipoandama, Ghufaira alitumwa kwa manahodha na kwa wenye ngamia kuuliza wanahitaji nini, na kitanda kimoja kiliachwa kitupu kikingoja majibu yao. Mvua zilipovijaza tena visima, na misafara iliporudi, walikuwa tayari kwa ajili yake.

Enyi waumini, Bi Lubaba hakuuacha ukweli hata ulipokaribia kumpokonya tonge, na kwa ukweli huo Mola alimfungulia mlango asioutarajia. Lakini mlango ule ulitaka mtu wa kuuingia. Amana yetu ni wale tuliokabidhiwa. Njia ya kuwalisha hubadilika, na kuibadilisha kwa wakati wake ni ibada pia. Allah atujaalie azma hiyo. Amina.