Chifu Ukodo Apoteza Sauti

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, yaani mtu anayehangaika huku na kule hakosi kitoweo cha kutelezeshea tonge. Sisi wa Warri, huku Nigeria, hatuna upwa wa kujivunia, na tonge letu ni la wanga wa muhogo uliosongwa kwa mawese. Hata hivyo methali hiyo kwetu ina jina na sura: Onoriode Akpughe, mchekeshaji wetu, tuliyempachika jina la Chifu Ukodo.

Ukodo ni viazi vikuu, ndizi mbichi, nyama na pilipili katika chungu kimoja, na maisha ya Onoriode yalipikwa hivyo hivyo. Ujanani alikuwa msaidizi wa seremala katika shule ya viziwi, akajifunza huko kusema kwa mikono. Akaacha randa, akaenda kupiga ngoma katika kikundi cha mazishi. Akaingia kwenye filamu, ambako kila mara aliuawa kabla hadithi haijakolea, hata mama yake akachoka kumtazama akizikwa. Akatangaza redioni asubuhi, mpaka siku alipomtania mkubwa mmoja, akaoneshwa mlango. Hapo ndipo alipopanda jukwaani kuchekesha, na mji mzima ukawa wake.

Kaka yake, Efetobo, mwenye duka la vipuri vya magari, hakupendezwa hata kidogo.

"Mshika mawili moja humponyoka," alimwambia. "Wewe umeshika mangapi? Utazeeka mikono mitupu."

"Kaka, dukani kwako kuna plagi, breki na redieta, watu wanakuita tajiri. Mimi nikiwa na vipuri vingi inakuwa dhambi?"

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, Onoriode aliitwa kusherehesha mazishi ya bibi mmoja aliyekula chumvi nyingi. Kwetu mazishi ya namna hiyo ni shangwe: wakwe huingia mmoja mmoja na ngoma zao, na mshereheshaji humwita kila mmoja kwa jina na sifa zake. Onoriode alimwita mkwe wa kwanza vizuri. Alipofungua kinywa kumwita wa pili, hakikutoka kitu.

Akaonesha koo. Watu wakacheka. Akalishika kwa mikono miwili, macho yamemtoka, wakacheka hadi kushikana mabega. Mkwe aliyekuwa akingoja kuitwa akacheza hadi pale alipo, akamtuza kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Warri hatuna desturi ya kuamini kwamba mchekeshaji anaweza kuumwa. Ni mkewe tu, Onajite, aliyeyaona machozi, akapenya katikati ya umati.

"Mpisheni! Huyu hachezi!"

"Ala! Shemeji naye yumo kwenye mchezo!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya.

Hospitalini walikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Alipasuliwa, akakatazwa hata kunong'ona. Sauti ingeweza kurudi, na ingeweza isirudi. Akarudi nyumbani, akalala ameelekea ukutani, huku nje picha yake ikiwa imebandikwa kila kona: Chifu Ukodo, Jumatatu ya Pasaka.

Efetobo alikuja, na safari hii hakuja na maneno ya kuchoma. "Mdogo wangu, mtaji wako ulikuwa sauti. Njoo tukae dukani. Plagi haihitaji hotuba."

Onoriode akatikisa kichwa kukubali. Kukubali kule kulimuuma Onajite kuliko kisu cha daktari. Kesho yake alivaa viatu, akaenda kumwita Bi Ebitimi, mkuu wa ile shule ya viziwi.

Bi Ebitimi alikuja na chungu cha ukodo. Alivuta kiti, akaanza kusema kwa mikono na kwa mdomo pamoja, ili Onajite naye asikie.

"Naambiwa unakwenda kuuza plagi."

Onoriode akajibu kwa mikono: sina sauti.

Mama yule alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Sauti? Wanangu walikucheka miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia neno lako!"

Onoriode aliketi kitandani, akamtazama. Kisha akavuta chungu, akala.

Jumatatu ya Pasaka ukumbi ulifurika. Alitoka peke yake, akasimama kimya. "Sema basi, Chifu!" wakampigia kelele. "Tumelipa utukodolee macho?" Wanafunzi wa Bi Ebitimi walikuwa safu ya mbele, nao ndio walioanza kucheka, kwa maana alikuwa ameshaanza. Alikufa kifo chake cha filamu, akafufuka kudai malipo, akapigwa risasi tena. Alipiga ngoma ya mazishi kwa miguu, akaingiza wakwe: yule bahili, kisha yule anayebanwa na viatu vipya. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya ambayo haikumsaidia siku ile.

Halafu akawa mshereheshaji anayeshikwa na koo huku watu wakicheka. Ukumbi ukapoa. Tulijiona.

"Chifu, utusamehe!" mama mmoja akalia.

Onoriode akainua mkono taratibu, akabandua kwenye paji lake noti isiyokuwapo, akaikagua kwenye mwanga kama ni bandia, akaitia mfukoni.

Sijapata kusikia kicheko kama kile, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo. Watoto wa mbele waliinua mikono wakaitikisa hewani, maana ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, nasi sote tukaiga. Nyuma kabisa Efetobo alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono yote miwili juu, analia.

Sauti ilirudi wakati wa mvua, ikikwaruza kama kibao cha kukunia mihogo. Siku sauti ilipotulia, Onoriode alikwenda kwanza shuleni kwa Bi Ebitimi. Alisimama mbele ya watoto na sauti yake mpya, akafunga mdomo, akagusa kidevu, akaushusha mkono kuwaelekea: asanteni.

Jioni nyumbani, chungu cha ukodo kikiwa katikati ya ndugu hao wawili, Efetobo alisafisha koo. "Nilikwambia moja litakuponyoka."

"Likaponyoka kweli, kaka."

"Ndiyo. Lakini hukukosa la kushika." Akamchagulia mdogo wake kipande kikubwa cha nyama, akamwekea mwenyewe kwenye sahani.

Naam, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.