Mama Aliyesema Ameshiba

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alikuwako Sultani jina lake Madi, ambaye shemeji yake alimzulia maneno hata akakosana na nduguye wa tumbo moja. Alipoujua ukweli, ndugu alikuwa amekwisha kuhama. Kwa uchungu akaamuru mbiu ipigwe: yeyote atakayenena lisilo kweli atatolewa mjini asirudi tena.

Waziri akauliza, "Maulana, uzushi nimeuelewa. Na chuku je? Na porojo za barazani?"

"Mbuzi mweusi na mbuzi mweupe wote ni mbuzi," akajibu Sultani. "Uongo ni uongo."

Basi mji ukawa kimya. Washenga waliokwenda kuposa wakakosa la kusema, na muuza samaki, akiulizwa kama samaki ni wa leo, alitazama juu asijibu.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Mwana Time, mama yake Shale. Shale huyu alikuwa mkata kuni asiye na shoka lake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mashoka yote aliyoazima. Mama yake alipita kwa jirani wakati wa chakula, akakaribishwa, akasema, "Ahsanteni, nimeshiba." Askari akamfuata hadi kwake, akamkuta anakwangua ukoko wa juzi. Ikaamriwa atolewe baada ya sala ya adhuhuri.

Shale akakimbilia jumbani, akaingia bila hodi, akaanguka miguuni pa Sultani.

"Maulana, mama yangu mzee, nje ya mji hana jamaa. Wali wa jirani ulikuwa kidogo na watoto wengi. Ule haukuwa uongo."

"Alikuwa ameshiba?"

"La, Maulana."

"Alisema ameshiba?"

"Alisema."

"Basi nionyeshe neno lisilo kweli ambalo mimi, kwa kinywa changu, nitasema si uongo. Ukishindwa, mbebee mama yako mzigo mtoke pamoja."

Wazee wa baraza wakacheka, maana ni nani awezaye kumlazimisha Sultani kunena? Shale akageuka, akautazama mlango alioingilia kama mwizi, na hapo moyo ukamtulia.

"Maulana, nimeingia kwa utovu wa adabu. Niruhusu nitoke, niingie kama watu."

Akaruhusiwa. Akatoka, akabisha hodi. Na Mwambakuu hodi haiachwi bila jibu, hata abishaye awe maskini namna gani. Sultani akainuka kitini, akaitika kama alivyolelewa: "Karibu, Shale, pita. Hapa ni kwako."

"Ahsante, Maulana." Shale akampita, akaketi katika kiti cha enzi, akakunja miguu. "Enyi watumishi, mazulia haya yatoeni uani mkayakung'ute. Na mama yangu aletwe, apewe chumba cha upande wa kisima. Mtu hafukuzwi nyumbani kwake."

"We Shale, umerukwa na akili?" akauliza Waziri.

"Kwa nini? Nyumba nimepewa sasa hivi, na aliyenipa hasemi uongo. Nawe Waziri, siku nyingine ubishe hodi."

Askari wakasogea. Shale hakuinuka.

"Maulana, kama hapa ni kwangu, waambie wanitii. Kama si kwangu, funga mizigo yako. Mama atafurahi kupata mwenzi wa njiani."

"Ule haukuwa uongo, mpumbavu wewe," akasema Sultani. "Ile ni heshima ya mwenyeji kwa mgeni, hata mtoto mdogo anaju..."

Akakoma. Baraza zima likatazama chini. Kisha Sultani akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwangukia masikioni.

"Mwacheni Mwana Time," akasema. "Na mbiu ipigwe upya: azuaye na alaghaiye ndio watoke. Anayeficha njaa yake ili wenzake wale, asiguswe."

Kisha akakiinamia kiti chake mwenyewe. "Mwenye nyumba, miguu inaniuma. Waniruhusu niketi?"

"Subiri kidogo, Maulana," akajibu Shale. "Mama yuko njiani, na nyumba hii ina mkubwa wake."

Na Sultani akasubiri, amesimama.