Waya Uliopita Juu ya Bati la Mdogo Wake

Biblia mtafungua baadaye, wapendwa. Kwanza nisikilizeni.

Palikuwa na mzee mmoja huko milimani, mkulima wa migomba na kahawa, aliyekuwa hasemi na mdogo wake wa tumbo moja. Mashamba yao yalipakana, katikati kuna masale, ile mimea inayopandwa mpakani, na kila mmoja alidai mwenzake ameyasogeza. Miaka ikaenda. Wakikutana njiani, mzee hugeuza shingo kama vile aliyepita ni mbuzi. Na Jumapili wote wawili wako kanisani, wanaimba. Mnacheka? Haya.

Halmashauri yao ikafunga mtambo mtoni, maji yauzungushe, kila kaya ipate umeme. Nguzo zikashuka mlima mpaka kwa mzee. Fundi wa halmashauri akaja, akaamkia, akaeleza kwa upole: nguzo moja isimame kwenye kona ya shamba, umeme uingie hapa, kisha uendelee kwa mdogo wake.

Mzee akauliza, "Bila nguzo hii, kule kwake utafika?"

"Kwa njia hii haufiki, mzee. Na wewe pia hutapata."

"Basi ondoka na nguzo yako."

Mkewe alikuwa jikoni anamenya ndizi, akasikia. "Baba, macho yangu haya na moshi wa kibatari, tutakaa hivi mpaka lini?"

"Ilimradi na yule akae hivi hivi," mzee akajibu, na chakula chake alikula kwa raha zote. Jamani, mtu anakubali kukaa gizani mradi tu mwenzake asione. Mnamfahamu mtu wa namna hiyo? Msitazame benchi la jirani.

Ikapita miezi. Mchana mmoja mzee anarudi kutoka sokoni, anaona nguzo mpya upande wa bondeni, ndani ya shamba la mdogo wake. Migomba imekatwa kuipisha. Kifua kikamwaka: kumbe jamaa amepata njia nyingine. Akaufuata ule waya kwa macho. Waya unatoka bondeni, unafika kwenye bati la mdogo wake, unapita juu, haushuki. Unaendelea. Unavuka mpaka. Unaingia nyumbani kwake yeye. Mkewe amesimama mlangoni, na nyuma yake taa inawaka mchana kweupe.

Fundi alikuwa anashuka ngazi. Mzee akamshika mkono. "Nani amekuruhusu?"

"Hapa ameruhusu mama. Njia ametupa mdogo wako. Ila laini hii ya bondeni imeshabeba nyumba nyingi, ilibaki nafasi ya nyumba moja tu. Tulikuja kumfungia yeye. Akasema apewe kaka yake, yeye atangoja mtambo wa pili."

"Huo wa pili unakuja lini?"

"Hata sisi hatujui, mzee."

Wapendwa, yule mzee alishtuka. Alishtuka hasa, akakaa kwenye kizingiti bila kujua amekaa. Matusi angeyajibu. Kesi angekwenda nayo mpaka rufaa. Lakini hili? Utamjibu nini mtu aliyekata migomba yake, akabaki na kibatari, ili wewe uone?

Akainua macho. Ng'ambo ya mpaka mdogo wake amesimama uani, kofia mkononi.

"Kaka," akaita, "inawaka vizuri?"

Mzee akainuka. Akamgeukia fundi, akasema, "Ing'oe."

Mnaguna. Nimewasikia. Hata fundi aliduwaa, bisibisi ikamdondoka, na yule mama akajifunika uso kwa kanga. Lakini sisi tusiwe wepesi kumgunia. Kumchukia mtu hakuhitaji nguvu. Kupokea kitu mkononi mwa mtu uliyemkosea, hapo ndipo roho inapogoma, maana kila ukiwasha ile taa unakiri ulivyomtendea. Mimi nimelitafakari jambo hili wiki nzima na bado linanitisha. Mwana wa Mungu aliingia gizani ili sisi tuone. Nasi tunaokataa kupatana na ndugu zetu, tumesimama mlangoni na taa inawaka, tunasema ing'oeni.

Sasa, meza imeandaliwa. Mkate upo, divai ipo. Lakini humu ndani wapo ndugu wawili, mmoja ameketi karibu na dirisha la kulia, mwingine la kushoto, na mnajua hawakuketi hivyo kwa bahati. Majina sitaji. Kitambaa hiki kilichofunika meza sitakifunua mpaka mmoja wenu avuke huo ujia wa katikati. Kwaya, msiimbe. Tutangoja.