Farasi wa Raita na Kauli ya Sheikh Tharwani

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mja mmoja mcha Mungu akiitwa Tharwani bin Asimu. Alikuwa mtu wa msikitini, mwingi wa saumu na nyiradi, na Allah alikuwa amemjaalia kipawa cha kuwajua farasi. Katika soko la wanyama hapakutajwa bei kabla Tharwani hajainua kwato zote nne. Akisema "Salimu", yaani hana ila, farasi kauzwa. Akisema "Ana ila", mwenye farasi hushika hatamu akarudi kwake bila ya kunung'unika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika Tharwani na uongo.

Watu walipenda kumwuliza, mtu atazame nini kabla ya kununua farasi? Naye hakuwa mchoyo wa elimu yake. "Jitazame wewe kwanza," alikuwa akiwaambia. "Una majani, una maji, una subira? Farasi halishwi sifa. Ukiona unavyo, mwendee asubuhi angali bandani. Akishatembezwa, mwili hupata moto na kuchechemea kukajificha, na wachuuzi wanalijua hilo kuliko wewe. Mpitishe juu ya mawe usikilize kishindo chake. Mfunike jicho hili, halafu lile, ujue kama yote yanaona. Kisha mwulize mwenyewe kwa nini anauza, na hapo macho yako yawe kwa mtu, si kwa mnyama."

Maneno ya hekima, hayo. Lakini mtu huyu aliyeona ila za farasi wa watu alikuwa na donda moyoni mwake, na donda hilo lilikuwa na jina: Yazdadi.

Yazdadi alikuwa mtoto wa msuka mikeka, mdogo kwa Tharwani kwa umri. Walisoma kwa mwalimu mmoja, na Tharwani ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika kalamu. Walipokuwa watu wazima kila mmoja alipewa nguzo yake msikitini ya kusomeshea. Darsa ya Yazdadi ikakua, watu wakafika kuketi hadi penye viatu. Darsa ya Tharwani ikapungua, mpaka wakabaki wazee wawili, na mmoja wao alikuwa kiziwi.

Wivu ukamla. Kicheko kikisikika upande wa Yazdadi, Tharwani alipotewa na aya aliyokuwa akiisoma. Mtu akimsifu Yazdadi mbele yake, aliitikia "Mashaallah" na kugeuza mazungumzo. Alijiambia kwamba ana uchungu na elimu tu, kwamba watu wanapenda masihara. Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini ninavyoona mimi, sababu huwa anazo tele, na zote amezishona mwenyewe.

Ikawa siku moja Yazdadi akamjia. Watu wa vijiji vya ng'ambo ya mifereji walikuwa wamemwomba akawafundishe dini yao, na njia ilikuwa ndefu.

"Ewe Sheikh Tharwani," alisema, "mimi farasi namjua kichwa na mkia tu. Nimesikia Raita, mjane wa yule tarishi, anamuuza wa marehemu mumewe. Nakuomba twende ukanitazamie. Utakalosema ndilo."

Wakaenda asubuhi, farasi angali bandani. Alikuwa dume wa rangi ya tende mbivu, mpole, mwenye kifua kipana. Tharwani akamtazama meno, akamfunika macho, akampitisha juu ya mawe, akateremsha kiganja juu ya mishipa ya kila mguu. Hakupata kitu. Na kila alipokosa ila, ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mzito. Kwa mawazo alimwona Yazdadi juu ya mgongo ule, watoto wa vijijini wakimkimbilia, jina lake likivuka mifereji yote. Akarudi kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, akaushika kwa muda.

"Kizuri hakikosi ila," akasema. "Mguu huu una maradhi. Leo hayaonekani, kesho yatakutupa njiani. Mwache."

"Allah akujaze kheri," akajibu Yazdadi, akambusu kichwani kwa shukrani. Raita akainamisha uso, akamrudisha farasi bandani.

Tharwani alirudi kwake amefurahi, na furaha ile haikuvuka Ijumaa. Kwani Yazdadi alianza kwenda vijijini kwa miguu, na mji mzima ukawa hauna hadithi nyingine. "Mwoneni anavyojitaabisha kwa ajili ya Allah!" Alichokusudia kukizima, amekipulizia.

Siku zikapita. Adhuhuri moja Tharwani alipotoka msikitini alimkuta Raita mlangoni, ameshika hatamu ya farasi wake.

"Sheikh wangu, samahani kwa kukuzuia," alisema. "Tangu siku ile, kila mnunuzi aliyekuja nimemweleza ila uliyoitaja, maana sharia hairuhusu kumficha mtu ila. Wote wamekwenda zao. Sikulaumu, ulisema haki. Ila nimekuwa nikiukanda mguu ule kwa siki na udongo, na sijui kama nakanda penyewe. Nionyeshe panapouma, nimtibu kabla nyumba yangu haijamaliza shayiri."

Tharwani akainama. Manyoya ya mguu yalikuwa yamepukutika kwa kukandwa, na ngozi imechubuka. Alipoweka kidole, farasi yule mpole akatetemeka akauvuta mguu wake. Basi sasa palikuwapo panapouma. Tharwani alikuwa amemsingizia mnyama asiye na ulimi wa kujitetea, na mjane huyu mwema ameubeba uongo wake akimtangazia kila mnunuzi kwa kumwogopa Mola wake.

Angeweza kusema, "Kanda juu kidogo, mama," akaenda zake, na jina lake likabaki lilivyo. Neno hilo lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Mama, mguu huu ulikuwa mzima," akasema. "Nilisema uongo. Nilimhusudu Yazdadi."

Raita akamvuta farasi karibu yake. "Mimi naweza kukusamehe," alisema. "Lakini sokoni nani ataniamini? Watasema mjane kachoka kulisha, sasa anatafuta maneno ya kuuzia."

"Hutasema wewe. Nitasema mimi."

Akaenda sokoni siku ya mnada, akasimama mahali pale pale alipozoea kutamka hukumu zake, akawaambia watu alilolifanya na lililomfanya alifanye. Kisha mchuuzi mmoja akapaza sauti: "Na wangu je, uliyemkataa msimu uliopita?"

"Wallahi, yule alikuwa na ila," akajibu Tharwani.

Watu wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alikuwa ameapa kweli na hakuna aliyemsadiki. Tangu siku hiyo watu wakainua kwato wenyewe.

Mguu ule aliuuguza kwa mkono wake, kwa asali na mafuta, hadi manyoya yakaota. Kisha akaenda kwa Yazdadi akamwomba radhi. Yazdadi hakumsamehe papo hapo, kwani naye ni binadamu, na alikuwa na malengelenge nyayoni. Mwishowe akasema, "Nimekusamehe, na Allah atusamehe sote. Nitamnunua. Lakini sijui kumpanda."

"Nitakushikia hatamu mpaka ujue," akasema Tharwani.

Basi wakatoka, mmoja juu, mmoja chini. Walipofika kijiji cha kwanza watu wakamiminika wakampokea Yazdadi kwa takbiri, wakimpita Tharwani kulia na kushoto kama nguzo ya banda. Na wivu ulikuwapo. Haukuwa umekwenda popote, ulimuuma vile vile. Akamlegezea farasi mikanda, akamnywesha, na alipokuwa amesimama naye peke yake akainua mikono amwombee Yazdadi kwa jina lake. Dua ikakatika katikati. Akaianza tena. Wanasema aliendelea kuianza hivyo, safari baada ya safari, na hakuna ajuaye ni lini ilianza kumtoka kwa wepesi.

Enyi ndugu zangu katika imani, tusidhani waja wema walikuwa watu wasiohisi tunayoyahisi. Mtu akikujia leo akuulize habari ya farasi, au ya mchumba, au ya fundi anayetaka kumpa kazi, amekukabidhi sehemu ya riziki yake na ya mwenzake. Moyo ukikuuma, uache uume, lakini jibu lako liwe la kweli. Allah atutakasie nyoyo zetu, na kabla hazijatakasika, atuzuilie ndimi zetu.