Konzi la Bi Zaina

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kumi na saba ya Rajabu, adhuhuri imekwisha na alasiri haijaadhiniwa, Bi Zaina alipofunua chungu chake mbele ya wajukuu. Baada ya hapo mapishi ya Kwemtindi hayakuwa tena kama yalivyokuwa.

Zamani zile watu wa Kwemtindi walipika kwa kukisia. Mpishi alichota mtama ghalani kadiri ya hamu yake. Siku ya gulio kila nyumba ilibeba nafaka kwenda kubadilisha na vyakula vya wapishi wa pale: wali wa nazi, kuku wa kukaanga, vitumbua. Hakuna aliyeuliza kama ghala litafika msimu mwingine. Mungu aliwapa, nao wakala.

Bi Zaina peke yake alikuwa na desturi yake. Kila mkwewe Mwanamvua alipochota mtama wa kupika, yeye aliingiza mkono, akatwaa konzi moja, akalitia katika chungu kilichokaa uvunguni mwa kitanda chake, akafunika.

"Mama, unamwekea nani?" Mwanamvua alimtania. "Umepata mchumba?"

"Nimepata. Anaitwa Kiangazi. Huyo akija hapigi hodi."

Wakacheka wote wawili. Walipendana.

Siku moja ya gulio Bi Zaina alikuwa matangani kijiji cha pili, na ghala limeanza kupungua. Mwanamvua hakuwa na njaa, alikuwa na hamu tu. Alivuta kile chungu, akamimina mtama wote kikapuni, akajaza pumba, na juu ya pumba akatandaza mtama kidogo. Moyoni alisema vuli ikinyesha atarudisha.

"Shoga, leo umehamisha ghala?" Mwashamba, mpishi wa gulioni, alimcheka. "Hebu kaa, nikupakulie paja."

Alikula paja, akaongeza la pili, na watoto akawabebea vitumbua.

Vuli haikunyesha. Ghala lilipokaribia kwisha, mumewe Mhina alitaka kupanda milimani kwa wajomba kutafuta nafaka. Mama yake akamzuia.

"Utawaacha watoto na nani? Tulia, baba. Chungu kipo."

Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni. Neno lilimfika kooni, aibu ikalirudisha. Mhina akabaki. Kuanzia hapo Bi Zaina alisukuma sahani yake kwa wajukuu kila mlo, akiwaambia wale bila hofu, bibi yao ana akiba. Na Mwanamvua kila siku alijiambia kesho atasema.

Hata ghala likabaki vumbi, ikafika Alhamisi ile. Bi Zaina alizamisha mkono chunguni, ukatoka na pumba. Alizitazama, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Panya," aliwaambia wajukuu. "Panya wa mwaka huu hawana adabu."

Mhina aliondoka jioni ile ile. Aliporudi na gunia begani, mama yake alikuwa ameshazikwa. Mwili wake ulikuwa umekwisha kitambo, wala hakuna aliyeona, maana kila alipoulizwa alisema ameshiba.

Matanga yalipoanuliwa, Mwanamvua alikitoa chungu uvunguni, akakiweka mlangoni pa jiko bila kifuniko, akawaeleza wanawake waliokuwapo yote aliyoyatenda. Waliinuka mmoja mmoja, kila mtu akaenda kwake kutafuta chungu.

Na tangu siku hiyo, Kwemtindi hakuna chakula kinachoinjikwa kabla konzi moja halijarudi chunguni. Chungu hukaa wazi mlangoni, kila apitaye akione. Wala hakuna aendaye kula gulioni kama konzi la siku hiyo halijaingia. Mkono unapoachia nafaka, mpishi husema polepole, kama Mwanamvua alivyosema hadi uzeeni kwake:

Ee Mola, mrehemu Bi Zaina. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Mlishe matunda ya pepo yako, yeye aliyeondoka na njaa akituambia ameshiba. Amina.