Vikapu Arobaini vya Tope

Nina hadithi kiganjani, niirushe?
Irushe, tuidake!

Hapo kale jua liliwaka miezi mitatu, kikabaki kisima kimoja tu. Mnywaji wa kwanza alipata maji safi, waliofuata walikuta tope. Desturi ilikuwa hii: kila asubuhi wanyama hutaja kiu zao, na mwenye kiu kuliko wote hutangulia.

"Nakufa! Nakufa! Nakufa!" alilia Fisi kila siku. Akatangulia, akanywa, kisha akaoga humo humo, mwongo yule!

Mama Swala alikuwa na mtoto aliyetoka kuugua, na tope lilimtapisha. Moyo ukamuuma. Akamwendea Kalunguyeye, msimamizi wa kisima.

"Bibi, nami niseme uongo ili mwanangu apone?"

"Usiseme, mwanangu. Desturi yetu ndiyo mbovu. Uongo haumgharimu mtu kitu."

Kesho yake Kalunguyeye akatangaza: "Kila mmoja aninong'oneze, atazoa vikapu vingapi vya tope ili atangulie? Mwenye vingi atatangulia. Lakini hatazoa idadi yake, atazoa ya yule anayemfuatia kwa wingi wa vikapu. Tembo atasimamia."

Fisi akacheka kimoyomoyo. "Mia!" akanong'ona. Mama Swala akapima kiu ya mwanawe, akapima na nguvu zake mwenyewe. "Arobaini, bibi."

Fisi akanywa. Kugeuka aende zake, Tembo huyo! "Arobaini, bwana." Fisi akazoa, akazoa, akazoa, mpaka jua likazama. Mama Swala akachuja tope kwa majani, mtoto akapata matone.

Siku ya pili Fisi akasema mia tena, kwa ubishi tu. Akazoa arobaini tena.

Siku ya tatu alikuja akichechemea. "Leo una kiu ya vikapu vingapi?" akaulizwa.

"Viwili, bibi. Haki ya Mungu, viwili."

Mama Swala akasema arobaini yake ile ile. Ngiri, aliyemfuatia, alikuwa amesema sita. Basi mtoto akanywa maji meupe mpaka tumbo likajaa, na mama yake akazoa sita tu, huku anacheka na machozi yanamtoka.

Fisi mgongo haukunyooka tena, mtazameni mpaka leo.

Kwa hiyo, wanangu, msijichoshe kumkemea mwongo. Wekeni kanuni itakayombebesha uongo wake mwenyewe.

Hadithi nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Mimi koo limenikauka. Nani ana kiu kunizidi? Aseme, kikapu kile pale!