Kamba Iliyonyimwa Kisu

Mwiba ni kitu kidogo. Hauna sauti wala hauna pembe, na mtu mwenye haraka zake huukanyaga, akafuta damu kwa kidole, akaendelea na safari. Siku zikipita, mguu huanza kuwa mzito. Zikipita nyingine, huvimba ukawa kama kinu, na hapo hata mganga hubaki akikuna kichwa. Uvimbe huo ndio wazee waliouita tende, na ndio uliowafanya waseme kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake haihitaji mwalimu: ukilipuuza dogo leo, kesho litarudi likiwa na ukubwa wa kukuangusha. Wakubwa wengi wamesoma kila kitu duniani isipokuwa hilo.

Okwera yeye hakusoma sana. Alikuwa mpagazi wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kazi yake kubeba magunia ya sukari na katoni za sabuni katika vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja sharti ageuke ubavu. Mkewe, Aciro, alikuwa askari polisi, na kwa ajili ya kazi ya mke waliishi katika nyumba za askari kwenye kilima cha Nsambya, chumba na sebule. Mume mbeba mizigo, mke mwenye mistari mkononi! Majirani walilicheka jambo hilo, na Okwera alicheka nao. Jioni alisimama mlangoni, akapiga saluti na mfuko wa makaa begani.

"Afande, naomba ruhusa ya kula."

"Umenawa?"

"Bado, Afande."

"Ruhusa imekataliwa. Geuka nyuma!"

Mungu hakuwapa mtoto. Aciro alikuwa na mapenzi yake mengine, nayo yalikuwa miamba. Kila Jumapili baada ya misa alivua gauni, akavaa suruali iliyochanika magotini, akaenda na Chama cha Majabali kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji, upande wa barabara ya Jinja. Pale ukuta wa jiwe ulisimama wima kama nyumba ya ghorofa isiyo na madirisha. Watu wa chama hicho walikuwa na wazimu wao wa pamoja: maofisa wa maghorofa ya Bugolobi, wafanyabiashara, askari, wote waking'ang'ania jiwe kama mijusi, kisha wakishuka kulinganisha nani amechubuka zaidi. Kila mmoja alikuwa na jina la utani. Okwera hakuwahi kupanda hata hatua moja, kwa sababu kizunguzungu kilimkamata hata juu ya meza. Yeye alikaa chini akishika mkia wa kamba ya mkewe, basi wakamwita Nanga.

"Nanga, umelala?" Aciro angepiga kelele kutoka juu.

"Nitalalaje na wewe uko mbinguni?"

Ndoto ya Aciro ilikuwa moja. Alitaka kuikanyaga barafu ya milima ya Rwenzori kabla jua halijaimaliza, naye aende akiwaongoza wanawake wenzake. Ilikuwa ndoto ya mtu aliyezaliwa kwenye joto la Kitgum, na hakuna aliyeweza kumwondolea.

Chama kilianzishwa na marehemu mzee Ongom, mwanajeshi mstaafu. Mzee huyo aliacha desturi moja tu. Juu ya sanduku la vifaa alining'iniza kisu, akasema kwamba mtu yeyote, awe mwanachama wa jana au mpika chai, akiitilia kamba shaka, achukue kisu aikate. Asiulizwe sababu, asidaiwe fidia. "Kamba haina rufaa," alizoea kusema. Vipande vya kamba hizo vilianikiwa nguo Nsambya nzima na vilifunga mbuzi wa watu wengi. Katika uhai wake wote hakuna aliyezikwa kwa sababu ya jiwe lile.

Mzee alipofariki, uenyekiti ulishikwa na Fabiano, mtu wa ofisini, mwenye ulimi laini kama mafuta ya simsim. Jambo la kwanza alilofanya ni kutangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kamba itakayokatwa bila ruhusa ya mwenyekiti. Kamba ni ghali, alisema, na chama si kiwanda cha kamba za mbuzi. Watu walicheka. Kisu kilibaki kwenye msumari wake kama pambo.

Basi ikafika Jumapili ya wageni. Kampuni moja ya watalii ilikuwa inatafuta chama cha kushirikiana nacho katika safari za Rwenzori, na wakubwa wake walikuwa wanakuja machimboni kutazama. Aciro alichaguliwa ashuke ukuta mrefu kwa kamba mbele yao. Akiwafurahisha, yeye ndiye angeongoza wanawake mlimani.

Siku moja kabla yake, Sufian, mwanachama mwenye duka Kikuubo, alikuwa amebeba vifaa vya chama nyuma ya gari lake. Sufian alikuwa wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara kutoka pwani wakatia mizizi Kampala. Alikuwa mtu wa haki, lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Ndani ya gari lilelile alitia betri kubwa ya sola ya dukani. Okwera alipoitwa kuishusha, aliikuta imelala ubavu juu ya ile kamba ndefu ya bluu, nayo inavuja. Aliikumbatia akaishusha, na Sufian akaifuta kamba kwa kitambaa. Palikuwa pamelowa mahali padogo tu, kama kiganja cha mkono. Hata rangi haikubadilika.

Asubuhi yake Okwera alianua suruali aliyoifua jioni. Pajani palikuwa na matundu, na kitambaa kilivunjika vidoleni kama karatasi iliyoungua.

"Banange! Panya wa Kikuubo wamekula mpaka mume wangu," alisema Aciro akicheka.

Okwera hakucheka. Alimtazama mkewe, akaitazama suruali. "Aciro, hayo ni maji ya betri. Na kamba nayo yaliishika."

Kicheko cha mkewe kilikatika. "Basi mwambieni mwenyekiti. Hilo ni lake."

Walipofika machimboni, Sufian alikuwa amekwisha kumfuata Fabiano. Hakuuma maneno.

"Mwenyekiti, kosa ni langu. Kamba ndefu ililowa maji ya betri ndani ya gari. Nitanunua nyingine kwa fedha yangu, lakini hii ikatwe."

Fabiano aliipokea kamba, akaigeuza huku na huku kwenye jua. "Mimi naona kamba mpya. Wewe Nanga, unaona nini?"

"Hayaonekani, mkubwa," alijibu Okwera. "Hata suruali yangu sikuona kitu. Nilipoifua ndipo ikatoa matundu."

"Matundu upande gani, Nanga?" mtu mmoja alidakia. "Mbele au nyuma?"

Watu wakaangua kicheko, na Fabiano akacheka kuliko wote. "Suruali ya mtumba wa Owino unailinganisha na kamba ya mlima? Ile ilikuwa imechoka kabla hujazaliwa!"

"Basi tutumie kamba fupi," alisema Sufian. "Aciro ashuke ule ukuta mdogo."

"Wageni hawakutoka makwao kuja kutazama watoto wakiteleza, ssebo. Kama ni shaka, tuipime."

Wanaume wanne walishika kamba, wawili huku na wawili kule, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kamba haikulalamika. Lakini walikuwa wameshika kipande cha mwanzo tu. Magari ya wageni yalikuwa yanaingia, na hakuna aliyekuwa na subira ya kuikunjua yote.

"Hapo sipo palipolowa," alisema Okwera. Hakuna aliyemsikia, au waliomsikia walikuwa wanakung'uta vumbi wapate kusalimia.

Ndipo Okwera alipokwenda kwenye sanduku akakitoa kisu msumarini. Aliinama akaishika kamba.

"Weka chini!" Sauti ya Fabiano ilipasua machimbo yote. Wageni waligeuka. "Nani amekupa ruhusa? Wewe ni mwanachama hapa au ni mume wa mwanachama? Umelipa ada ya mwaka gani?"

Okwera alibaki ameinama, kisu mkononi na kamba mkononi. Maisha yake yote mtu akimfokea kwa sauti ile, gunia lilishuka au lilipanda; mgongo wake ulikuwa umeizoea. Alimtazama mkewe. Aciro alikuwa amekwisha kujifunga mikanda na kuvaa kofia ngumu, na macho yake yalikuwa yakienda kwa wageni na kurudi.

"Okwera," alisema kwa sauti ya chini, "wameipima. Mwenyekiti ameamua. Usiniaibishe leo, nakuomba, bambi. Nikikataa atampa mwingine, na barafu hainingoji mimi."

"Na nikinyamaza kumbe nimekosea, nitasemaje?"

"Kaa chini yangu kama siku zote. Wewe ni nanga yangu."

Akakirudisha kisu msumarini. Hivyo tu. Kukata kungechukua muda wa kupiga chafya.

Aciro alipanda kwa njia ya nyuma, akatokea juu ya ukuta, mdogo kama ndege juu ya paa. Fabiano alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kiingereza, mkono mmoja mfukoni. Aciro akageuka, akaupa utupu mgongo, akaanza kushuka akirukaruka miguu miwili, kamba ikimpitia kiunoni. Wageni wakapiga makofi. Okwera hakupiga, maana mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mkia wa kamba. Aliisikia kamba ikiishi mikononi mwake kama siku zote, inakaza, inalegea, inakaza.

Kisha ikalegea, na haikukaza tena.

Haikutoa mlio. Kamba ikikatika kwa uzito huwa inapiga kama risasi. Hii iliachana kimya kama uzi wa nguo kuukuu. Aciro naye hakupiga kelele. Kilichosikika ni kishindo chake kwenye mawe, na kamba ya bluu ikishuka nyuma yake taratibu, ikijikunja juu ya mwili wake.

Okwera alimfikia wa kwanza. Walimpakia kwenye gari la Sufian, kichwa chake mapajani mwa mumewe, na Sufian akaendesha akisoma dua kwa sauti, mkono haubanduki kwenye honi. Macho ya Aciro yalikuwa wazi.

"Sikuanguka vibaya?" aliuliza.

"Hapana, Afande."

"Wageni..."

Hakumaliza. Walikuwa hawajaifikia hata barabara kuu.

Mazishini Kitgum, Fabiano alikuja na shada la maua kubwa kuliko jeneza. Alisimama akaongea vizuri, maana kuongea ndiko alikokujua. Alisema chama kimepoteza shujaa, kisha akamwinamia Okwera, akamshika bega. "Jikaze, mzee. Ajali haina kinga."

Okwera aliutoa ule mkono begani, polepole, kama mtu anayetoa siafu. "Hii ilikuwa na kinga," alisema. "Ilikuja ikasimama mbele yako, ikakwambia, kosa ni langu, ikatwe."

Laker, dada wa marehemu, alimwomba anyamaze, watu wanatazama. Akanyamaza. Kunyamaza ndiko alikokujua yeye.

Kamati ya chama ilikaa kuchunguza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Fabiano. Ilionekana kwamba kosa lilikuwa la Sufian, aliyechanganya kamba na betri, naye akafukuzwa chamani. Ilionekana pia kwamba kamba ilipimwa mbele ya mashahidi. Neno la Okwera halikuonekana popote, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Mvua zilipokwisha, Fabiano alikwenda Rwenzori na ile kampuni ya watalii, akarudi na picha zake akiwa amesimama kwenye barafu, meno yote nje.

Nsambya nako alikuja afisa, mtu mpole, akavua kofia kabla ya kuingia. Alisema anasikitika, lakini nyumba ni ya askari aliye kazini, na kuna askari mwenye watoto wanaolala jikoni kwa jirani. Okwera hakubisha. Hakuwa na Afande tena wa kumwombea ruhusa.

Siku ya kuhama, Sufian ndiye aliyeleta gari. Walibeba kitanda, meza na sanduku la nguo za marehemu. Vilipokwisha kupakiwa, Sufian alisimama kando ya mlango, asijue aweke wapi mikono.

"Mzee Okwera, sema neno. Nitukane hata. Watu wote wanasema ni mimi niliyemuua."

Okwera alikaa juu ya godoro nyuma ya gari. Nywele zake zilikuwa zimegeuka mvi msimu ule mmoja.

"Wewe uliuona mwiba ukasema mwiba," alisema. "Mimi niliuona, nikafokewa, nikaurudisha mahali pake, huo nitaubeba mwenyewe mpaka kaburini. Lakini yupo aliyeonyeshwa akacheka. Sisi watu wadogo ndio miguu ya wakubwa, Hajji. Wao wakikanyaga, ni sisi tunaochomwa. Wao wakipuuza, ni sisi tunaovimba. Yule anatembea mzima, na tende hii nimeiota mimi."

Sufian aliinamisha kichwa, akazunguka akaingia kwenye usukani. Gari likaanza kuteremka kilima, na majirani wakasimama vibarazani wakilitazama bila kupunga mkono. Kichwa kilidharau, mguu ukaugua, na mwili wote ukalala chini, kwani tangu hapo hakuna askari wa Nsambya wala mwanachama mwingine aliyekubali tena kufungwa kamba na Chama cha Majabali, na machimbo yakarudi kuwa ya kunguru. Mdharau mwiba, mguu huota tende.